Kule Rebero, Jirani Ndiye Aliyekuuzia

Mwezi uliopita nilimsindikiza mtoto wa dada yangu uwanja wa ndege, Kanombe. Alikuwa anakwenda kusoma ng'ambo, na tulipokaribia kufika akakumbuka kwamba hana zawadi ya kuwapa watu watakaompokea. Tukaingia kwenye duka moja la njiani, safi, lenye taa nyeupe, na humo vikapu vya agaseke vile vyenye vifuniko vya kuchongoka vimepangwa kwenye rafu kuanzia vikubwa mpaka vidogo, kila kimoja na kikaratasi chake cha bei. Nilichukua kimoja, nikakigeuza, nikapitisha kidole ndani ya kifuniko. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka sasa linanichekesha. Niligeuza shingo nikatazama pembeni, nikangoja.

Binti wa duka akaniuliza kama nahitaji msaada. Alikuwa mpole, simtafutii kosa. Nilipomuuliza nani kakisuka akasema hajui, vinaletwa na gari, na bei iko hapo chini, mama. Tukalipa kwa simu, tukatoka. Nilipokuwa narudi kwangu Masaka peke yangu, nimepanda moto, pikipiki ya abiria, na upepo unaniingia machoni, ndipo nilipoelewa nilichokuwa nangoja pale dukani. Nilikuwa nangoja jirani asimame.

Hili nitalieleza, ingawa sina uhakika kama nitalieleza vizuri. Nilikuwa mdogo, na mambo ya utotoni yana tabia ya kukua yenyewe. Pale nitakapokuwa sina hakika nitasema.

Nililelewa na bibi yangu kwenye mteremko wa Rebero. Barabara ya kupanda kilimani ilikuwa na kona moja ambapo miti inaachana na ghafla unauona mji wote, vilima juu ya vilima, mabati yanang'aa, na ndege inashuka taratibu kuelekea Kanombe kama inatafuta pa kukaa. Madereva wa watalii walisimama hapo ili wageni wao wapige picha. Na pale magari yanaposimama, wauzaji hawakosi. Kulikuwa na mstari wa watu waliotandika vitambaa vyao kando ya barabara: mzee aliyechonga ng'ombe wenye pembe ndefu, akina mama wa mikeka, bibi yangu na vikapu vyake, na ubavuni kwake jirani yetu wa pale barabarani na cherehani yake ya kukanyaga, ambayo ilibebwa kila asubuhi na mwanamume mmoja kichwani, nami nikiifuata nyuma nikiomba isianguke.

Jirani huyu alikuwa mama wa Kiislamu wa Biryogo, mtaa wa mjini, ambaye babu yake alikuja zamani kutoka pwani akiuza vitambaa. Alishona mikoba ya kitenge, vitambaa vya meza, na wanasesere wa kike wenye vilemba. Alikuwa mnene, mchekaji, na kila asubuhi alikuja na chapati zimefungwa kwenye kanga, bado zina joto. Bibi alileta viazi vitamu na maziwa ya mgando. Walikula pamoja wakibishana. Bibi alikulia Tanzania, ng'ombe wa baba yake walikunywa maji ya mto Kagera, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kuchekea, na Kinyarwanda lugha yao ya kusalimiana.

Sasa, mstari ule ulikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Mtu hakuuza kitu chake. Mgeni akigusa kikapu cha bibi, bibi hakusimama. Aliendelea na sindano yake, au akatazama mji, kana kwamba kikapu kile kimeanguka tu hapo kutoka mbinguni. Aliyesimama ni jirani. Na mgeni akigusa mkoba, jirani aliinamia cherehani, akasimama bibi. Walikuwa wawili wawili hivyo hivyo mstari mzima, kila mtu na mwenzake. Nani aliuanzisha siwezi kusema. Bibi alidai ni yeye, kwa sababu kwao mtu kusifu ng'ombe wake mwenyewe mbele ya mgeni ilikuwa aibu, ni lazima mwingine amsifu na wewe uitike kwa kuinamisha kichwa. Jirani alidai ni yeye, kwa sababu baba yake alisifu vitambaa vyake mwenyewe mpaka jasho likamtoka na watu wakapita tu. Mimi sikuwepo.

Wageni wengine walichanganyikiwa. Wanamuuliza bibi, bibi anaonyesha kidole kwa mwenzake. Lakini ungewaona wakisha kumsikiliza yule jirani. Alikuwa na Kiswahili, na Kifaransa cha sokoni, na Kiingereza cha maneno machache aliyoyatumia yote kila mara, na palipobaki mwanya alijaza kwa mikono. Alieleza jinsi bibi anavyochemsha maua ya mgomba kupata rangi nyeusi, na harufu yake inavyofukuza hata mbwa. Alieleza jinsi anavyolamba uzi wa katani kabla ya kuutunga. Alifungua kifuniko na kukifunga, akawaambia wasikilize, na kweli kulikuwa na mlio mdogo, kama mtu amefunga mdomo. Nilivisikia vikapu vile vikisemwa kila siku na bado nilikuwa nashangaa, nikivitazama upya kama sikulala navyo chumba kimoja.

Bibi naye hakuwa na maneno mengi. Yeye alinitia mimi ndani ya mkoba mkubwa zaidi, akaninyanyua kwa vishikio, akanibembeza mbele ya wageni ili waone kwamba mshono haukatiki. Nimening'inia namna hiyo mbele ya watu wa mataifa mengi. Nilipokua kidogo akawa ananyanyua mawe.

Jambo lililoniajabisha zaidi ni kwamba hawakuficha kasoro. Jirani aliweza kusema, kifuniko hiki kinakaa upande kidogo, chukua kile. Dereva mmoja kijana alimwambia, mama, wewe unaharibu biashara ya mukecuru. Mukecuru ni bibi kizee kwa Kinyarwanda. Jirani akamjibu kwamba biashara si yake, kwa hiyo haoni sababu ya kusema uongo kwa ajili yake. Na wageni walinunua kile.

Kisha wakagombana.

Hapa nataka kwenda polepole nisimwonee mtu. Cherehani ya jirani iliharibika, na fundi akawa anasema kesho, kesho. Mikoba ikaisha. Ana watoto nyumbani, nao hawaelewi habari za fundi. Akaenda mjini akanunua bangili za shanga za kiwandani, zile zinazokuja zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, akazitandika pale mikoba ilipokuwa. Siku ya kwanza tu akaja msichana wa kizungu akazipenda, akavaa tatu, akauliza nani amezitengeneza. Bibi alikuwa ameshasimama, kama desturi. Akamtazama jirani. Jirani akamtazama bibi. Bibi akasema, "Hizi zimetoka dukani mjini. Yeye anashona mikoba, na mikoba imekwisha."

Msichana akazivua, akazirudisha moja moja, akaondoka na dereva wake.

Jirani akamwambia bibi kwamba angeweza kunyamaza. Bibi akasema ameulizwa. Jirani akasema, ungesema ni nzuri, si nzuri? Wakajibizana, mwishowe bibi akatoa neno. Alisema huo ndio Uswahili wenu. Kwa asiyejua, huku kwetu Mswahili ni Mwislamu kama yeye, wa Biryogo, na mtu akitaka kuumiza hulisema kumaanisha mjanja, mtu wa kukuuzia hewa. Wao wawili walikuwa wakilitumia kwa utani miaka yote. Siku ile halikutoka kwa utani, na kila mtu kwenye mstari alisikia hivyo.

Kwa bangili, naona bibi alikuwa na haki. Kwa neno lile hakuwa nayo. Nimelipima mara nyingi na bado mizani inakaa hapo hapo.

Hawakuhama. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Cherehani ilipona, mikoba ikarudi, wakaendelea kukaa ubavu kwa ubavu msimu mzima wa mvua, chini ya turubai moja, bila neno. Chapati zikaliwa upande ule, viazi upande huu. Mgeni akigusa kikapu, hakuna anayesimama. Mimi nisingeweza, maana mtu wa nyumba moja alihesabiwa sawa na mwenye kikapu. Mzee wa ng'ombe alijaribu siku moja kwa huruma, lakini vikapu hakuvijua, akawa anarudia tu kizuri, kizuri sana, mpaka mgeni akamwonea huruma yeye akanunua ng'ombe.

Wakati huo ndipo bibi alikuwa anasuka kikapu kikubwa. Kilikuwa cha namna ambayo bibi harusi huenda nayo kwa mumewe, kirefu mpaka kiunoni kwangu, cheupe, na mistari myeusi inayopanda na kushuka kukizunguka chote. Macho ya bibi yangu yalikuwa yanafifia. Aliniambia ni moshi wa jikoni, akaanza kunipa sindano nimtungie. Mama yangu alipotutembelea bibi alimwambia ukweli, nami nikasikia: hiki ndicho cha mwisho. Kikapu cha namna hii, alisema, hakitoki mikononi mwa mtu kimyakimya. Ni lazima kisemewe kwanza, mbele yake, na mtu anayekijua. Mvua za mwisho wa mwaka zikirudi kikiwa bado kipo, atakibeba nyumbani na hatapanda tena kilimani. Na aliyekijua alikuwa mtu mmoja tu, naye anapiga cherehani hatua moja kutoka hapo, mgongo umegeuzwa.

Nilianza kuomba kila jioni, naye bibi alidhani naombea masomo.

Kiangazi kilikuwa kinakwisha, majani kando ya barabara yamekuwa mekundu kwa vumbi, lilipokuja gari la wazee wa kizungu. Bibi mmoja kati yao, mrefu, mwenye kofia ya kamba, alikwenda moja kwa moja kwenye kile kikapu. Akatoa kifuniko akakivaa kichwani, wenzake wakampiga picha wakicheka. Nikaona mkono wa bibi yangu unakaza sindano. Kisha yule mgeni akakivua, akawa mtu mwingine. Akachuchumaa. Akamuuliza bibi, kupitia kwa dereva, yule yule kijana, hiki ni kitu gani.

"Ni kikapu tu," bibi akasema, akatazama mji.

Mgeni akangoja. Akauliza tena, ni cha nini. Bibi akasema ni cha kutilia vitu. Dereva akatafsiri kwa aibu. Wenzake wakaanza kuingia garini. Mgeni akakirudishia kifuniko chake taratibu, akasimama, akapangusa magoti.

Cherehani ikanyamaza.

 Jirani akasukuma kigoda, akaja akasimama mbele ya kikapu. Hakumtazama bibi hata kidogo.

"Mwambie," alimwambia dereva, "mimi na mukecuru huyu hatusalimiani tangu mvua. Asije akadhani nampenda."

Dereva akasita. "Hiyo kweli niiseme, mama?"

"Iseme hivyo hivyo."

Akaisema. Yule mgeni akatoa kofia yake.

Jirani akaendelea. Alisema mtu aliyekasirika anaangalia sana, na yeye amekaa hapa amekasirika, ameangalia kikapu hiki kuanzia kitako. Akaeleza nyasi zilikatwa lini na wapi, uzi ulianikwa mara ngapi mvua ikaulowesha tena. Akaeleza siku bibi alipofumua kazi ya siku nzima akairudia, na aliyoifumua sisi wengine tuliiona nzuri. Akasema kwamba msichana akitoka kwao na kikapu hiki watu hawamuulizi katoka nyumba gani, wanaona. Kisha akaushika mkono wa mgeni akauweka juu ya kikapu, katikati.

"Hapa amekosea," alisema. "Mstari ulitakiwa kushuka, umetembea kidogo. Macho yamechoka. Hapa alikuwa bado anajaribu kuona." Akauinua ule mkono, akaupandisha. "Kuanzia hapa kwenda juu aliacha kutumia macho. Ni vidole tu. Nilikuwa namtazama, amefumba macho kabisa. Tafuta kosa."

Mgeni alifumba macho yake naye, akapitisha vidole kote kukizunguka kikapu, polepole, akipanda.  Hata wale waliokuwa garini walishuka. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi, nikauona uso wake, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa anajua. Kosa lile lilikuwa limepita chini ya macho yake asilione, na chini ya yangu mimi niliyemtungia sindano. Ndiyo kwanza analisikia, mbele ya wageni, kutoka kwa mtu asiyemsalimia.

Nilidhani ataanguka, au atakichukua kikapu chake aondoke. Alinyoosha mkono tu. Jirani akauchukua, akauongoza mpaka pale. Bibi akapapasa ule mstari uliotembea, akarudi, akaupapasa tena.

"Uliliona lini?" akauliza.

"Siku ile ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Tulikuwa hatusalimiani."

Bibi akatoa sauti. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko, kile cha chini kabisa kinachoanza tumboni. Jirani akajaribu kubaki na uso mgumu, akashindwa. Dereva akauliza kama na hilo atafsiri, wote wawili wakamwambia hapana kwa pamoja.

Yule mgeni alikinunua. Hakubishania bei, na hakuomba kufungiwa. Alikibeba kwa mikono miwili, kifuniko amekibana kwa kidevu, akawa anatembea kama mtu anayevuka mto. Lakini kabla hajafika garini bibi yangu alisimama. Akapapasa kwenye kamba ambako jirani alitundika mikoba yake, akachukua mmoja, sidhani kama alijua ni wa rangi gani, akauinua.

"Mwambie," alimwambia dereva, "mama huyu hawezi kudanganya hata akitaka. Mmemsikia. Basi mjue na mishono yake iko hivyo hivyo."

Jirani alikuwa ameinamia cherehani, kama desturi. Ila hakuwa anashona. Alikuwa anafuta gurudumu kwa ncha ya kanga, akalifuta muda mrefu.

Sasa kona ile imejengwa ukuta mzuri wa mawe, na bustani, na hairuhusiwi kutandika chini. Sisemi ni vibaya. Mji ni safi na watoto hawagongwi. Wauzaji walipewa vyumba kwingine, kila mtu chake na mlango wake, na mtu akiwa na mlango wake anajisemea mwenyewe, hana budi. Bibi alitangulia mbele ya haki. Jirani akafuata baadaye, nami nilikwenda Biryogo nikakaa na wanawe matangani. Kikapu kipo mahali fulani duniani, kwenye nyumba ambayo siijui. Mimi nashona nguo Masaka, nikijitahidi, na mteja akishika kazi yangu sijui kuisifu. Namwambia ni gauni tu.

Ila baada ya kikapu kile kuondoka, bibi hakuacha kupanda kilimani. Hakuwa na kitu tena cha kutandika. Alikaa pale pale, mikono mapajani, vidole vikisogea vyenyewe vikitafuta sindano, na mgeni akigusa mkoba anasimama anausemea. Jirani kwa upande wake akawa hana cha kumsemea mwenzake, jambo lililomkosesha raha. Siku moja wakaja wageni wawili, mume na mke, wakamuona bibi amekaa mbele ya kitambaa kitupu, wakauliza huyu anauza nini. Jirani akaacha cherehani, akasimama. Akaanza kueleza. Akaeleza Kagera, na ng'ombe, na maua ya mgomba, na vidole, akaeleza mpaka chapati zikapoa, kwa lugha zake zote na mikono yake yote, na wale wageni wakasikiliza wamesimama juani wasitikisike. Bibi aliutazama mji asiouona tena, kichwa amekiinamisha. Walipomaliza kushukuru na gari likaondoka, bibi akauliza wamenunua nini.

"Hakuna," jirani akasema.

"Sasa muda wote huo ulikuwa unawaambia nini?"

Jirani akakalia kigoda, akatafuta pedali kwa mguu.

"Walitaka kujua bei yako," akasema. "Nikawaambia huuzwi."